Mkono wa Kipa na Chokaa ya Kumi na Nane

Tarehe 17 Mei 2025, kwenye fainali ya Kombe la FA uwanjani Wembley, kipa wa Crystal Palace, Dean Henderson, alitoka langoni kuuwahi mpira mrefu uliokuwa ukikimbiliwa na Erling Haaland wa Manchester City. Akauwahi, lakini kwa mkono, na mkono ulikuwa umeshavuka chokaa ya kumi na nane. Mwamuzi Stuart Attwell hakupuliza filimbi. Waliokaa kwenye chumba cha VAR wakatazama marudio, wakaona hapastahili kadi nyekundu, mchezo ukaendelea. Palace walikuwa wanaongoza kwa bao la Eberechi Eze la dakika ya 16. Baadaye kidogo Henderson huyohuyo akapangua penalti ya Omar Marmoush, mechi ikaisha 1-0, na Palace wakabeba kombe kubwa la kwanza katika historia yao. Tangu siku hiyo, ukizuka ubishi wa kipa na mstari, jina la Henderson halikosi kutajwa, na mara nyingi linatajwa kama mfano wa dhuluma. Nami nakubali kwamba siku ile City walidhulumiwa. Ninachobisha ni kwamba walidhulumiwa kadi nyekundu.

Katika mazungumzo yetu ya mpira kuna kanuni moja ambayo haikuandikwa popote, lakini watu huinukuu kwa uhakika kuliko zilizoandikwa: kipa akinawa nje ya kumi na nane, nyekundu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kipa ndiye mtu wa mwisho. Kitabu cha sheria hakina maneno hayo. Kina maswali mawili, na yanaulizwa kwa zamu. Kwanza, mkono ulikutana na mpira wapi? Jibu lake linaamua kama kuna kosa. Pili, kosa hilo limewanyima wapinzani kitu gani? Jibu lake linaamua kadi. Kipa anaweza kushindwa swali la kwanza akasalimika kwenye la pili, na kumbukumbu za mechi nyingi zilizoamuliwa na mkono wa kipa zinanifanya niamini kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Vurugu yote ya ubishi huu inatokana na kuyachanganya maswali hayo mawili yakawa moja.

Inasaidia kukumbuka kwamba mstari wenyewe haukuchorwa kwa ajili ya mikono ya kipa. Sheria za mpira za Uingereza zilimtaja kipa kwa mara ya kwanza mwaka 1871, zikamruhusu kutumia mikono kulinda lango lake bila kumwekea chokaa yoyote. Mwaka 1887 akakatazwa kudaka kwenye nusu ya wapinzani, lakini nusu yake nzima ikabaki himaya yake. Penalti ilikuja mwaka 1891 kwa pendekezo la William McCrum, ambaye naye alikuwa kipa, kutoka kijiji cha Milford huko Ireland. Mwaka 1902 ndipo likachorwa boksi la mstatili tunalolijua leo, lenye kina cha yadi 18, yaani mita 16.5, na hizo yadi ndizo zimebaki kwenye midomo yetu hata baada ya vipimo vyenyewe kusahaulika. Kwa miaka kumi, basi, boksi lilikuwepo na kipa akawa anadaka nje yake bila kosa, kwa sababu kazi ya boksi ilikuwa kuwaadhibu mabeki wakorofi. Leigh Richmond Roose, kipa wa Wales aliyechezea Stoke na Sunderland, anasimuliwa hadi leo kwa jinsi alivyokuwa akiudundisha mpira kwa mkono hadi karibu na mstari wa kati kabla ya kuurusha kwa washambuliaji wake. Mwaka 1912 sheria ikamrudisha kipa ndani ya boksi, na Roose anatajwa sana kama mmoja wa waliosababisha. Mcheza kwao hutunzwa, na tangu hapo kwao kipa pakawa ni pale ndani tu. Akivuka, sheria inasema waziwazi kwamba amewekewa makatazo yaleyale ya mchezaji mwingine yeyote. Sentensi hiyo ndiyo msingi wa hoja yangu, na nitairudia.

Tuanze na swali la kwanza, ambalo ni jepesi kulijibu kwenye karatasi na gumu uwanjani. Mistari yote ni sehemu ya maeneo inayoyazunguka. Kwa hiyo chokaa ya kumi na nane, ambayo haitakiwi kuzidi upana wa sentimita 12, ni mali ya kipa. Mpira ulio juu ya chokaa umo ndani. Kinachotazamwa ni pale mkono unapogusa mpira, hata kama ni hewani, kana kwamba ukuta wa kioo umesimamishwa juu ya mstari. Viatu vya kipa havihusiki. Anaweza kuwa amesimama nje, amejipinda, akauchukua mpira ulio ndani, na hakuna kosa. Anaweza pia kuwa na miguu yote miwili ndani, akanyoosha mikono na kuudaka mpira uliokwisha kuvuka, na hapo amenawa kama beki yeyote. Hata hivyo televisheni zinaposimamisha picha, mara nyingi mshale wa mchambuzi unaelekezwa kwenye kiatu, na ukumbi mzima unajadili kiatu.

Makosa mengine ya kusoma uwanja yana chanzo hichohicho. Ule upinde ulio mbele ya boksi, uliochorwa mwaka 1937, si sehemu ya eneo la kipa hata kidogo. Kazi yake ni kuwaweka wachezaji wengine umbali wa mita 9.15 kutoka kwenye nukta wakati penalti inapigwa. Kipa anayedaka humo yuko nje. Kwa upande mwingine, kipa akiupokea mpira wa mpinzani nje ya boksi, akausukuma kwa mguu hadi ndani, kisha akauokota, mashabiki hupiga kelele wakidai faulo, na hakuna faulo yoyote hapo. Tatizo lingekuwepo kama mwenzake ndiye angempasia kwa makusudi kwa mguu. Na kipa anayepiga mpira mrefu kutoka mikononi huku akikimbia anaruhusiwa kabisa kumalizia mbio zake nje ya mstari, mradi mpira umeachiwa kabla mikono haijavuka. Waamuzi wasaidizi wameelekezwa kusimama usawa wa mstari wa kumi na nane mpaka kipa auachie mpira, ndipo wawahi kwenye nafasi yao ya kuangalia kuotea. Ukienda kwenye ligi za mchangani, ambako mstari ni majivu au chokaa iliyokanyagwa hadi ikafutika kabla ya mapumziko, utaelewa kwamba mshika kibendera mara nyingi anapima kitu kisichoonekana. Sina haraka ya kumlaumu.

Swali la pili ndilo lenye kesi nyingi. Kadi zilianza kuonekana kwenye Kombe la Dunia mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo sheria ikakaza kwamba anayemnyima mpinzani bao au nafasi ya wazi ya kufunga lazima atolewe. Haukupita muda mrefu makipa wakaanza kuonja. Tarehe 23 Juni 1994, huko Marekani, Gianluca Pagliuca wa Italia alitoka kuzuia shambulizi la Norway, akanawa nje ya boksi, na katika dakika ya 21 akawa kipa wa kwanza kutolewa kwa kadi nyekundu katika fainali za Kombe la Dunia. Kocha Arrigo Sacchi alihitaji nafasi ya kumwingiza Luca Marchegiani, akamtoa Roberto Baggio, mchezaji ambaye hakuna aliyetarajia kumwona akiketi. Italia walishinda 1-0 kwa bao la Dino Baggio, na Pagliuca alirudi baadaye kwenye mashindano hayohayo hadi fainali. Lakini ile hesabu ya dakika moja, ya kumpoteza kipa na mshambuliaji bora kwa mguso mmoja wa mkono, ilionyesha uzito wa sheria mpya kuliko semina yoyote.

Hapo ndipo ninapoona hekima ya kutoifanya adhabu hiyo iwe ya papo kwa papo. Adhabu inayovunja timu inapaswa kulipia kitu kinacholingana nayo. Tazama Alisson wa Liverpool dhidi ya Brighton, tarehe 30 Novemba 2019. Alikuwa nje ya boksi, Leandro Trossard akapiga mpira kuelekea langoni, Alisson akauzuia kwa mkono. Alichowanyima Brighton kilikuwa bao, au kitu kilichokaribia sana kuwa bao, na nyekundu ilikuwa halali bila ubishi. Tazama pia Nick Pope wa Newcastle, tarehe 18 Februari 2023, tena dhidi ya Liverpool. Alitoka kuupiga mpira kichwa mbele ya Mohamed Salah, akaukosa, akaugusa kwa mkono akiwa mbali na mstari. Salah alikuwa anaelekea kwenye lango lisilo na mtu. Dakika ya 22, Newcastle walikuwa tayari nyuma 2-0, na kadi ile ikamkosesha Pope fainali ya Kombe la Ligi iliyochezwa siku nane baadaye. Kwa kuwa Martin Dubravka alikuwa ameshacheza kombe hilo akiwa Manchester United, lango likabaki kwa Loris Karius, na Newcastle wakafungwa 2-0. Ni adhabu nzito mno, lakini ukiuliza Liverpool walinyimwa nini, jibu linajitosheleza.

Mambo ambayo mwamuzi anatakiwa kuyapima ni manne: umbali kati ya kosa na lango, mwelekeo wa jumla wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mahali walipo mabeki pamoja na idadi yao. Wanaotaka nyekundu ya moja kwa moja wana hoja, na hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba kipa anayenawa nje anajua anachofanya. Mikono yake imezoea kudaka, mstari anauona, kwa hiyo ni hila. Nakubali ni hila. Lakini beki anayeruka katikati ya uwanja na kuukata mpira kwa kiganja naye anafanya hila, na hakuna anayedai atolewe. Anapewa ya njano kwa kuvunja shambulizi lenye matumaini, au haoni kadi kabisa kama mpira ulikuwa hauendi popote. Tumekwishaona kwamba nje ya boksi kipa ni mchezaji kama wengine. Tukimwekea nyekundu isiyotazama mazingira, tutakuwa tumemfanya awe chini ya wengine, anayeadhibiwa kwa sababu ya rangi ya jezi yake. Sheria haikumnyang'anya haki za mchezaji wa kawaida ilipomnyang'anya upendeleo wa kipa.

Pingamizi la pili ni la vitendo zaidi: kipa akitoka, nyuma yake hakuna mtu, kwa hiyo kila anaponawa nje kuna nafasi ya wazi. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana kadi za aina hii nyingi huwa nyekundu. Lakini lango tupu lenye mabeki wawili wanaorudi kwa kasi, na mpira unaokimbilia kibendera cha kona, si bao linalosubiri kufungwa. Upimaji huu haumpendelei kipa. Ndio uleule uliotumika kwa Luis Suárez wa Uruguay kule Johannesburg tarehe 2 Julai 2010. Alisimama kwenye mstari wa goli, akaupangua kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia wavuni dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Alipewa nyekundu kwa sababu alichonyima kilikuwa bao lenyewe. Asamoah Gyan akagonga mwamba kwenye penalti, Ghana wakatolewa kwa mikwaju, na Afrika nzima bado inalia. Wapo wanaosema kisa kile kinathibitisha kwamba sheria ni dhaifu. Naona kinathibitisha jambo la unyenyekevu zaidi: hakuna kadi inayorudisha bao. Kadi inapima uzito wa kilichochukuliwa, na ikianza kutolewa bila kupima, itapoteza hata uwezo huo mdogo.

Pingamizi la tatu linasema kwamba bila nyekundu ya uhakika makipa watanawa kwa makusudi, wakijua wataponea kwenye njano. Linasahau uzito wa mpira wa adhabu wenyewe. Katika mechi ileile ya Alisson, kipa wa akiba Adrián alikuwa bado anapanga ukuta, Lewis Dunk akapiga haraka na kufunga. Liverpool walishinda 2-1, lakini bao lile liliwatia presha hadi mwisho. Faulo inayopigwa ukingoni mwa boksi, huku kipa ameadhirika na mabeki wamechanganyikiwa, si zawadi kwa aliyekosa. Isitoshe, kipa wa leo hahitaji mikono huko nje. Manuel Neuer alithibitisha hilo kule Porto Alegre tarehe 30 Juni 2014, Ujerumani ilipoishinda Algeria 2-1 baada ya muda wa nyongeza: alitoka tena na tena nje ya boksi lake akifagia mipira kwa mguu na kwa kichwa kama beki wa tano. Kizuizi cha 1912, pamoja na kile cha pasi ya nyuma cha 1992, ndivyo vilivyomlazimisha kipa ajifunze kucheza mpira. Anayevuka mstari na bado akategemea kiganja amekosea kazi, na kwa makosa mengi ya namna hiyo inatosha faulo na njano.

Sasa nirudi Wembley. Mpira aliokuwa anaukimbilia Haaland ulikuwa unampeleka pembeni, mbali na lango, na kwa kipimo cha mwelekeo wa mchezo nafasi ya wazi haikutimia. Mtu anaweza kubisha kwamba Haaland, kwa miguu yake, angeweza kuugeuza mpira ule na kufunga. Labda angeweza, ila sheria inadai nafasi iliyo dhahiri, na nafasi ya kubahatisha kwa labda haijafika huko. Kwa swali la pili, waliokuwa kwenye VAR hawakukosea. Waliloshindwa ni swali la kwanza. Mpira uliguswa kwa mkono nje ya kumi na nane. Kosa lilikuwepo, na kosa hilo lina adhabu yake ya kawaida: mpira wa adhabu wa moja kwa moja, pamoja na kadi ya njano endapo shambulizi lilikuwa na matumaini. City hawakupata chochote kati ya hivyo, kwa sababu wakati huo VAR ilikuwa inafunguliwa mlango kwa mambo manne tu, yaani bao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja na kukosea mchezaji wa kuadhibiwa. Ilipoonekana nyekundu haipo, mlango ukafungwa, na faulo ikabaki nje ya mlango.

Hii ndiyo dhuluma niliyoikubali mwanzoni. Haiponywi kwa kumtoa Henderson; inaponywa kwa kuruhusu kwamba mkono wa kipa ukikaguliwa kwa ajili ya nyekundu, na ikathibitika umegusa mpira nje ya boksi, basi angalau faulo ipigwe na kadi inayostahili itolewe. Najua jibu la wanaolinda VAR: ukifungulia faulo moja, umefungulia zote, na mechi itakwenda saa tatu. Hofu yao ina msingi kwa faulo za kusukumana na kuvutana jezi, ambazo kila mtu anaziona kwa jicho lake. Mstari wa kumi na nane ni tofauti. Mkono uligusa au haukugusa, ndani au nje. Ni jambo la kupima, na siku ile lilikuwa limekwisha kupimwa. Kuliona kosa kwenye skrini kisha kulifumbia macho kwa sababu halikufikia kimo cha nyekundu ni jambo ambalo shabiki wa kawaida hawezi kuelezwa akaridhika, na hapo shabiki ana haki.

Kwetu Afrika Mashariki, mechi nyingi zitaendelea kuchezwa bila VAR, kwa macho ya mwamuzi mmoja na washika vibendera wawili, kwa hiyo maarifa ya sheria yatatufaa kuliko mashine. Ombi langu ni kwa watangazaji na wachambuzi, ambao sauti zao ndizo zinazofundisha sheria kwenye mabanda ya mpira kuliko kitabu chochote. Kipa akinawa karibu na mstari, tusimamishieni picha pale mkono unapokutana na mpira, mwache kiatu. Kisha, kabla hamjatamka neno nyekundu, tuambieni mpira ulikuwa unaelekea wapi na mabeki walikuwa wangapi.